Kidani cha Kumzuia Bibi

Enzi zetu Ibra, huku Omani, wikiendi ikiwa bado Alkhamisi na Ijumaa, mtoto akitaka kidani hakukibofya kwenye simu. Alikaa chini akakunja waya wa shaba mpaka vidole vikatoka malengelenge, kisha akakivaa hata kama kimekwenda kombo. Changu kilikuwa kombo kuliko vyote, na wallahi nilijiona sonara wa Nizwa.

Aliyetutia wazimu huo ni jirani yetu Nora, Muayalandi, mke wa mhandisi. Alkhamisi asubuhi alitukusanya barazani kwake, watoto sita saba, panaponukia chai ya maziwa na gundi, akatufundisha mafundo ya kwao: waya mmoja unapita juu, unapita chini, hauonekani mwanzo wala mwisho. Mikono ikifanya kazi, yeye akitoa hadithi. Iliyonikaa ni ya mwanamke sili, mnyama wa bahari za kwao. Alivua ngozi yake ufukweni, akawa binadamu. Mwanamume mmoja akaificha ngozi, akamwoa. Akazaa, akalea, na siku alipoiona tena ngozi yake aliivaa akarudi baharini.

Nilikuwa na miaka minane na akili za kuazima. Wiki ile ile Bibi, aliyenilea, alikuwa akifunga sanduku kwenda Unguja alikozaliwa, kumwona dadaye aliyeachana naye tangu usichana. Alikuwa akiimba jikoni. Bibi, kuimba! Nikaona wazi kwamba huyu haendi kutembea, huyu anarudi kwao moja kwa moja.

Kwanza nikamvisha kidani changu, nilichokikunja kwa umbo la sili, kimoyomoyo nikisema sasa kafungika.

"Ahsante, mjukuu wangu," akasema. "Huyu pweza, eti?"

Alikivaa, akaendelea kukunja kanga zake. Basi ikabidi nitafute ngozi. Nikachukua pasipoti yake, nikaifukia ndani ya gunia la mchele.

Asubuhi ya safari nyumba ilipinduliwa. Baba alipekua mpaka ndani ya friji. Mimi, mnafiki mkubwa, niliingia chini ya kila kitanda nikipiga kelele, "Haipo!" Bibi hakutafuta. Aliketi juu ya sanduku lake, machozi yanamtoka kimya.

"Dada'angu mgonjwa," akasema. "N'tamwona lini tena?"

Hapo moyo ulinikatika. Nikaenda guniani, nikarudi na pasipoti imejaa vumbi la mchele, nikatapika yote: sili, ngozi, na hofu yangu. Baba akanyanyua mkono, Bibi akamzuia.

"We mtoto we! Mimi ndo sili? Kwa mafuta haya?" Alikuwa akicheka na kulia. "N'takuja. Nani atakusuka nywele?"

Alirudi baada ya mwezi, shingo tupu. Kidani kamwachia dadaye, na Unguja nzima, alisema, wamempenda yule pweza.

Leo nauza mapambo ya fedha Nizwa, mafundo yale yale na sili wangu, na wateja wanadhani nimesomea. Vijana huniuliza kama yapo ya rangi ya waridi. Watoto wangu watatu ndo usiseme. Juzi niliwaambia nakwenda Unguja mwezi mzima. Kila mmoja akanitumia kwa simu orodha ya zawadi anazotaka, na tumekaa kochi moja. Nikaiacha pasipoti yangu juu ya meza ya kulia siku nne, peupe kabisa, nikawa napita kuichungulia. Hakuna aliyeigusa.