Kifundo cha Nahodha wa Wirrabel

Mguu wa kwanza unafika saa tano asubuhi, na bado una tope la zizini. Glenys Pohlner anautazama, kisha anamtazama mwenye mguu.

"Kwenu hakuna maji?"

"Maji yapo, mama. Muda ndio haupo."

Anaupangusa mwenyewe kwa taulo, anauweka juu ya paja lake na kuanza kuufunga bandeji ya gundi: chini ya kisigino, juu ya kifundo, anazungusha, anarudi. Mikono inajua kazi yake. Macho yako mlangoni, yanasubiri miguu mingine.

Glenys ana miaka sitini na mitatu. Siku za shule anaendesha basi la wanafunzi hapa Torrabin, mji mdogo wa wakulima wa ngano kaskazini-magharibi mwa jimbo la Victoria, Australia. Jumamosi za majira ya baridi anafunga vifundo, magoti na vidole vya wachezaji wa klabu ya mji. Jezi za kahawia na dhahabu anafua yeye pia, nyumbani kwake, na zikianikwa kila mpita njia anajua timu ilicheza au haikucheza. Kwa kazi yote hiyo, mwaka huu wa thelathini na moja, halipwi hata senti.

"Niliambiwa nishikilie kwa wiki mbili tu," anasema. "Mfungaji wa zamani alikuwa anaumwa mgongo. Mpaka leo mgongo wake haujapona!"

Anacheka, lakini leo kicheko chake ni kifupi. Mpira wa hapa, ule wa Kiaustralia unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, na magoli yake huwa mengi, huchezwa na watu kumi na wanane kila upande. Ukiwa na kumi na wanne unaruhusiwa kuanza. Ukiwa na pungufu ya hapo, unahesabiwa umekimbia mechi, na Torrabin imeshakimbia mara mbili msimu huu. Kamati ya ligi imesema bila kumung'unya maneno kwamba ya tatu itakuwa ya mwisho, klabu itafutwa.

Ikifutwa, timu za netiboli nazo zinakwenda, maana ziko chini ya klabu hiyohiyo. Binti yake Glenys, Tegan, ndiye nahodha wa netiboli, na huko wasichana wamejaa hadi wengine wanasubiri zamu nje. Upande wa wanaume ndio umekauka.

Sababu anaiona kila asubuhi kwenye kioo cha dereva. Alipoanza kazi, Torrabin ilikuwa na mabasi mawili ya shule na watoto walikuwa wanagombania siti. Sasa ni basi moja na watoto kumi na mmoja. Shamba lililolisha familia tano leo linalimwa na mtu mmoja na mashine yake.

"Nusu ya niliowafunga miguu niliwabeba wakiwa wadogo, wanalia wanamtaka mama yao," anasema. "Leo wako Melbourne, wengine migodini huko Australia Magharibi. Nafurahi wamepata maisha yao. Ila ikifika Jumamosi nawakumbuka mpaka nawachukia."

Wiki hii mambo yamemwendea vibaya zaidi. Wachezaji wawili wana mafua makali, mmoja mkewe amejifungua jana, na wengine wameenda Adelaide kwenye harusi. Nani anaoa katikati ya msimu, Glenys anauliza. Kufikia saa saba mchana amefunga miguu ya watu kumi na watatu, na benchi liko tupu.

Wa kumi na nne ni Brodie Hassall, fundi umeme anayefanya kazi Horsham, mwendo wa saa mbili kwa gari. Kila Jumamosi anarudi nyumbani kucheza. Simu ya Glenys inalia, na jina la Brodie ndilo linalosomeka.

"Glen, nimegonga kangaruu."

"Umeumia?"

"Mimi mzima. Kangaruu naye kaondoka zake, hata pole hajasema. Ila rejeta imepasuka, gari haliendi popote."

"Uko wapi?"

"Hapa kwenye maghala ya ngano, Kinnabrook."

Kinnabrook ni mbali. Kelvin, mumewe Glenys, aliyekuwa anachoma soseji nje, ameshasikia yote kupitia dirishani. Anaingia na koleo la kugeuzia soseji mkononi.

"Nipe jezi nicheze mimi," anasema.

"Wewe? Goti lenyewe la bandia hilo, la dukani. Na hujasajiliwa. Chukua pikapu ukamlete kijana."

"Naenda."

"Usikimbize gari, Kelvin." Anafika mlangoni, Glenys anamwita tena. "Lakini usichelewe pia."

"Sasa nishike lipi, mke wangu?"

Kwenda na kurudi, hata dereva awe nani, ni mpaka saa tisa kasoro. Mechi inaanza saa nane na nusu.

Glenys anatoka nje kupunga hewa. Magari yamepangwa kuuzunguka uwanja, pua zikitazama ndani, watu wamejifunika mablanketi wanakunywa chai ya chupa. Getini yupo Alwyn Noske, mkulima wa miaka sabini na nane, anakata tiketi. Tangu mkewe afariki anaishi peke yake na mbwa.

"Unamwona yule?" Glenys anasema. "Jumamosi ndiyo siku anayoongea na mtu. Ukimwondolea hii, atakaa kimya mpaka afe. Nani atajua?"

Baada ya hapo anapotea kidogo. Akirudi macho ni mekundu. "Nimejifungia chooni nikalia," anasema. "Andika tu hilo gazetini, sioni aibu."

Wakati huo wapinzani wao, Wirrabel, wameshafika, wamejaa tele na jezi zao nyekundu. Wirrabel ni mji jirani, na uhasama wa miji hii miwili hakuna anayekumbuka ulianza na nini. Dada yake Glenys aliolewa huko mwaka themanini na nne. Mama yao alimwita marehemu mpaka alipozaa mtoto wa kwanza.

Dakika kumi kabla ya mechi, mlango wa chumba cha Torrabin unagongwa. Anayeingia ni Tate Mibus, nahodha wa Wirrabel, bwana mwenye mwili wa jokofu. Mpinzani haingii chumba hiki. Wachezaji wa Torrabin wanatazamana. Mibus anakwenda moja kwa moja kwenye benchi la Glenys, anakaa, anavua kiatu na kunyoosha mguu.

"Kifundo kinaniuma, mama."

"Kwenu hamna mfungaji?"

"Yupo. Bandeji zake zimepotea."

"Zimepotea wapi?"

"Tungejua wapi, mama, zisingekuwa zimepotea."

Glenys anakishika kifundo, anakiminya huku, anakiminya kule. Hakijavimba na hakina joto. Kwa miaka thelathini na moja ameshika vifundo vya kila aina, na hiki ni kizima kabisa.

"Kinauma wapi?"

"Kila mahali," anasema Mibus, uso mkavu. "Na naona kitahitaji kama nusu saa hivi. Wenzangu wamesema hawaingii uwanjani bila nahodha wao."

Glenys anavuta kiti chake karibu, anachukua bandeji mpya na kuifungua taratibu kama mtu anayemenya yai.

"Hebu lete hicho kiguu," anasema.

Mkono uliokuwa unamaliza kifundo kabla hujamaliza kusimulia habari ya jana, sasa unazunguka kama unapamba keki. Akifika nusu anaacha, anakunja uso. "Nimekosea," anasema, na anabandua yote kuanza upya. Wachezaji wa Torrabin wanajiziba midomo kwa taulo.

Mwamuzi anachungulia mlangoni na saa mkononi.

"Torrabin, muda umefika. Mbona hamtoki?"

"Mfungaji wetu ana kazi," anajibu kocha.

"Na Wirrabel?"

"Wirrabel ndio kazi yenyewe," anasema Mibus, na kuinua mguu kidogo aonekane.

Mwamuzi anautazama mguu. Kwa bandeji iliyokwisha kuwekwa, kifundo kimekuwa kama tikiti maji. "Hicho kitaingia kwenye kiatu?"

"Hapo ndipo tutakapoona," anasema Glenys.

Mwamuzi anakohoa. "Siwezi kuipa ushindi timu ambayo nayo haiko uwanjani," anasema, kama anajisomea sheria mwenyewe. Halafu anasema anakwenda kukagua milingoti ya magoli, mmoja mmoja. Milingoti iko minane, na uwanja wa mpira huu ni mkubwa.

Kamati ya ligi ikisoma habari hii, ijue kwamba kifundo kilikuwa kinauma. Nahodha alikisemea mwenyewe, mbele ya mashahidi kumi na wanne, kocha akiwemo, na mwandishi mmoja.

Glenys anaendelea kuzungusha. Kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa, anauliza, "Kwa nini?"

Mibus anajikuna shingo. "Timu zimebaki sita kwenye ligi, mama. Mkifa nyinyi leo, mwakani tunacheza na nani? Na mwaka unaofuata inakuwa zamu yetu." Anafikiri kidogo. "Baba yangu anasema Torrabin wote ni wezi wa kondoo. Lakini ni wezi wetu."

"Mwambie baba yako yule kondoo alikuwa mkavu, hakuwa na nyama."

Honi ya pikapu inasikika kuanzia barabara kuu, ndefu, haikatizwi. Kelvin anapita getini bila kusimama, Alwyn anapiga makofi na tiketi zake mkononi. Brodie Hassall anaruka nje tayari amevaa bukta, nywele zimejaa vumbi. Glenys anamfunga kifundo kwa muda ambao wewe ungefunga kamba ya kiatu, anampiga kofi la mgongo na kumsukuma nje. Kumi na wanne.

Mechi yenyewe haina mengi ya kusimulia. Wirrabel hawakuja kutoa sadaka. Wanashinda kwa tofauti ya magoli kumi na tisa, na Mibus, kwa mguu uleule mgonjwa, anafunga saba. Lakini robo ya mwisho Brodie anadaka mpira hewani, anaupiga, unapita katikati ya milingoti, na magari yote kuuzunguka uwanja yanapiga honi. Ya Wirrabel nayo yanapiga.

"Tumefungwa vibaya," anasema Glenys, machozi yanamtiririka na hayafuti. "Tumefungwa, na Jumamosi ijayo tutacheza tena."

Jua likianza kushuka, watu wamejaa kwenye ukumbi wa klabu na pai za nyama mikononi. Alwyn anamsimulia mtu wa Wirrabel habari za mbwa wake, na mtu wa Wirrabel anasikiliza. Glenys anapita kwa kila mchezaji na mkasi wake, anakata bandeji, na huku anaeleza mpango wake.

"Kwenye basi langu nina vijana wanne wa miaka kumi na minne. Mikono mirefu, hawatulii kwenye siti, wananitia wazimu. Miaka miwili tu watakuwa na umri wa kuingia timu kubwa. Sitaki mengi. Nataka wakifika, waikute klabu ipo." Ameshawaambia wazazi wao kwamba kila Alhamisi, akimaliza ruti, basi lake dogo la nyumbani litawapeleka mazoezini. Mafuta ni juu yake na Kelvin.

Anafika kwa Tate Mibus, aliyekaa na pai ya tatu. Anapiga goti na kuelekeza mkasi kwenye tikiti maji lake. Mibus anavuta mguu pembeni.

"Acha, mama. Nakwenda nalo nyumbani. Mwakani nakuletea na huu wa pili."

Glenys anabaki amepiga goti pale sakafuni. Anautazama ule mguu wa pili, ambao una tope mpaka kwenye ugoko.

"Ulete," anasema. "Ila uje umeuosha."