Mume Aliyekuja na Kanzu

Harufu ya muwa uliochomwa ndiyo hunirudisha kule. Siyo harufu ya sukari, hapana. Ni ile ya shamba zima lililopitiwa na moto kabla ya kukatwa, moshi mtamu wenye ukali kidogo kooni. Jirani yetu Okech alirudi nayo kutoka Muhoroni kila mwisho wa mwezi, imemwingia kwenye koti lake la kaki mpaka mishononi, maana kazi yake ilikuwa kuendesha trekta la kuvuta miwa. Sisi watoto wa ufuoni mwa ziwa, tuliozoea harufu ya samaki wa ngege na nyavu mbichi, tulimfuata nyuma tukinusa, naye akijifanya hatuoni. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mimi nilikuwa nimetolewa shuleni darasa la tatu, kwa kuwa ada ilitosha mtoto mmoja na mmoja huyo alikuwa kaka yangu Odhiambo. Lakini kusoma nilikuwa nimeshakushika, na sikukuachia. Masika ya mwaka ule Okech akafa kwa homa. Koti likabaki kwa mkewe Perez, ambaye wote tulimwita Nyar Ahero, binti wa Ahero, maana kwetu mke huitwa kwa jina la kwao.

Desturi ya siku zile ilikuwa hivi: mjane huvaa nguo ya mumewe, na hakanyagi nyumba ya mtu mwingine, hata ya mama yake mzazi, mpaka marehemu amjie ndotoni kama mume anavyomjia mke, amuage. Akiingia kabla ya hapo, msiba humfuata na kubaki katika nyumba aliyoikanyaga. Mlinzi wa mambo hayo pale kwetu alikuwa bibi yangu mzaa baba, Dorsila, tuliyemwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kunguru. Nyar Ahero alikaa akingoja. Karanga zilipandwa, zikatoa maua, zikang'olewa, na Okech hakuja. Lisemwalo lipo, kama halipo laja: watu wakaanza kunong'ona kwamba marehemu ana kinyongo. Mimi nikawa natumwa kila alasiri kwenda kubambua karanga naye mlangoni pake, ili asikae peke yake kama mtu aliyetengwa.

Nilikwenda na kitabu. Baba yangu, Barnaba, alikuwa mpagazi bandarini Kisumu, na kitabu hicho alikiokota melini, abiria amekisahau. Hakikuwa na jalada wala kurasa nane za mwanzo, kwa hiyo hadi leo sijui kiliitwaje wala nani alikiandika. Kilikuwa cha Kiswahili cha pwani. Mwanamume anakufa siku ya tatu ya harusi yake, kisha kila Ijumaa roho yake inamrudia mkewe, imevaa kanzu nyeupe inayoburuta sakafuni, harufu ya udi ikiitangulia. Anakaa ukingoni mwa kitanda na kumsifu macho, kurasa mbili nzima macho tu. Nilikuwa nikisoma mstari mmoja kwa Kiswahili, kisha naugeuza kwa Kijaluo, mkono mmoja ukiwa bado kwenye karanga. Nywele zilinisimama shingoni, lakini sikutaka kuacha. Na tena kiliniudhi. Nilijiuliza, mwanamume gani huyu anatoka ahera mpaka chumbani na asimchotee mkewe hata debe moja la maji?

Nyar Ahero hakuudhika. "Soma tena pale anapoingia," alikuwa akiniambia. Nami nasoma tena. Siku moja akauliza, "Akoth, huo udi unanukaje?" Sikujua. Udi sikuwahi kuuona wala kuunusa. Lakini msomaji haoni raha kushindwa mbele ya msikilizaji wake, na koti la Okech lilikuwa hapo puani pangu. "Kama muwa uliochomwa," nikasema. Akainamisha uso kwenye kola. Dani, aliyekuwa akipita na ufagio wake, akasimama. "Unamlisha nini mwenzako? Mfu haji kwa mapenzi," akasema. "Mfu huja kudai. Kama si mbuzi, basi ni jina apewe mtoto. Hayo ya kusifiana macho ni ya watu wenye watumishi." Nikacheka, lakini maneno yake yakaniingia. Kitabu kilisema hivi na bibi yangu alisema vile, nami nilikuwa katikati na karanga zangu, nikitaka sana kujua ni nani anayejua.

Kisha akaja Ouma, kaka yake Nyar Ahero, matope mpaka magotini, maana mto ulikuwa umevunja kingo kule Ahero. Mama yao alikuwa mgonjwa, amevimba miguu, hali chakula, na kila siku anamtaja Perez. Ouma alimsihi dada yake mbele yangu, kwa sauti ya chini: "Sema tu umeota. Nani atakupinga?" Nyar Ahero akatikisa kichwa. "Nikisema uongo niingie, halafu mama afe, nitamwambia nani pole?" Ouma akarudi peke yake na dawa ya majani kwenye karatasi.

Siku ya tatu, asubuhi, tulipofika na Dani, tulimkuta Nyar Ahero amekaa nje, uso umelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Amekuja," alisema. Dani akaketi chini taratibu. Mimi nikachukua ungo, nikajifanya nina kazi.

"Amevaaje?" Dani akauliza.

"Kanzu nyeupe, Dani. Ndefu mpaka chini."

"Okech? Okech huyu wa kaptura?"

"Ilikuwa ikimsumbua. Ameipandisha akaifunga kiunoni, kama anayetaka kukwea trekta."

Dani akacheka, akaziba mdomo kwa mkono. "Na harufu?"

"Ya muwa uliochomwa."

Karanga zikanimwagika zote. Kanzu niliijua ilikotoka, ukurasa wake niliujua. Harufu pia niliijua: niliitunga mwenyewe. Ndoto ya mjane ilikuwa imetoka kinywani mwangu, naye sasa angeingia nayo nyumba ya mgonjwa. Nikafungua mdomo niseme.

"Na alidai nini?" Dani akauliza.

"Hakudai. Alisema, 'Mama yako anaendeleaje?' Basi. Kisha akaketi kitandani pangu."

Nikaufunga mdomo. Katika kitabu kile chote, kurasa zote nilizosoma, marehemu hakuuliza habari za mtu yeyote. Na Okech hakuwahi kukutana nawe njiani akakusalimia bila kuuliza kwanza habari za mama yako. Dani naye alilijua hilo. Nilimwona akipangusa jicho kwa kidole cha mwisho. "Akoth, nenda ukachote maji," alisema, nami nikajua yaliyobaki si ya masikio yangu. Niliporudi, koti lilikuwa limevuliwa. Nyar Ahero aliondoka mchana ule kwa miguu. Alimkuta mama yake hai, akamlisha uji kwa mkono wake, na mama huyo akaishi mpaka akaona mpunga wa msimu uliofuata ukivunwa.

Siku hizi nakaa mtaa wa Migosi, Kisumu, kwa mwanangu, na mjukuu wangu Mercy huniletea riwaya za mapenzi na majini, zenye majalada yanayong'aa. Nazisoma kwa miwani, polepole, nikiilalamikia kila roho inayokuja kusifu macho bila kuuliza hali ya wakwe. Mercy hucheka: "Dani, si ni hadithi tu!" Kwake yeye mfu wa kitabuni na mfu wa nyumbani hawajuani. Mimi nilishawahi kuwaona wakiingia kwa mlango mmoja.

Udi niliunusa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, katika duka moja mjini Kisumu. Mwenye duka aliuweka juu ya kaa la moto nikanusa, nikanusa tena. Haufanani na muwa hata kidogo. Ni mzito, kama mbao za kanisani. "Mama, utachukua?" aliniuliza. Nikamwambia angoje kidogo. Nilikuwa nafikiria kwamba kama kitabu ndicho kilichoingia nyumba ile, basi kingeingia na harufu yake, si ile ya koti la Okech.