Siku Tuliyokwenda Kumposa Paka Wetu

Mtu anayependa wanyama kupita kiasi usimwachie paka wako. Mwachie mtu wa kawaida, anayesahau kumlisha siku moja moja, maana huyo ukirudi atakurudishia. Nililijua hilo mwaka niliompeleka baba Kigali kufanyiwa upasuaji wa macho.

Paka mwenyewe alikuwa wa mama. Jike mzee, sikio moja limechanika, na roho mbaya hadi kwenye makucha. Mama alipofariki, paka alihamia mapajani kwa baba, na baba akaacha kuzungumza na sisi wengine. Mimi binti yake, ninayempikia na kumfulia, niliambulia "ndiyo", "hapana" na "chai iko wapi". Paka ndiye aliyesimuliwa habari za duka letu la vitambaa, na jinsi mama alivyokuwa akiwacheka wateja wabishi. Baba hakutoka tena nyumbani. Hata viatu aliacha kuvaa. Alisema viatu ni vya mtu mwenye pa kwenda. Hospitali ya Kigali alikwenda na kandambili, nami nikaona aibu njia nzima.

Paka nilimwachia jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani anayeishi peke yake juu kidogo ya barabara. Mji wetu wote wa Gisenyi unamjua kwa wanyama wake. Ana kuku kilema anayelala kitandani. Ana mbuzi aliyemtoa Bugeshi, milimani kwenye baridi, na hapa ziwani kwenye joto bado anamvalisha sweta, eti asisahau kwao. Siku niliyompelekea paka, alinihoji: analala ubavu gani, radi anaiogopa? Nilijibu kwa kubahatisha, naye akanitazama kama vile mimi ni mama wa kambo. Nikaondoka moyo umetulia. Nani angemtunza vizuri zaidi?

Tuliporudi, baba alikuwa anaona hadi nyumba za Goma, ng'ambo ya mpaka. Alipoingia sebuleni alitazama kiti chake, akauliza, "Yuko wapi?" Nikachukua kikapu nikaenda.

Jirani alinipa chai, akanionyesha paka wetu, amenenepa kwa sambaza, vile vidagaa vya ziwani, kajilaza juu ya meza ya cherehani. Nilipofungua kikapu, jirani akakifunika kwa mkono.

"Bon, dada, mi sikatai," akasema. "Lakini huyu sasa ni binti wa hii nyumba. Binti hatoke vile tu, kama kilo ya viazi. Mukuye na wazee, mumuombe muzuri."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwetu Rwanda binti huombwa kwa gusaba: pande mbili zinakaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake, na msemaji wa upande wa binti kazi yake ni kubisha na kusingizia mpaka watu mbavu ziwaume. Nikamwambia huyu ni paka. Akasema anajua ni paka. Hasira zikanipanda, nikamwambia nitamwita mkubwa wa mtaa.

"Muite," akasema. "Na yeye atakula."

Nyumbani nilimweleza baba. Akasema, "Mwite mjomba wako."

Mjomba, kaka yake mama, ndiye msemaji wa harusi zetu zote. Ukimruhusu ataposa hata kabati. Jumapili alikuja na koti lake la sherehe. Baba alivaa kanzu nyeupe na kandambili zake. Mimi nilifuata nyuma na kikapu, najiona mjinga. Jirani alikuwa ameazima viti vya plastiki na kualika mtaa mzima. Msemaji wake alikuwa kaka yake, mbeba mizigo wa Grande Barrière, pale mpakani, mtu aliyetaka kulala tu.

Mjomba alisalimia, akaisifu nyumba, akasema tumesikia hapa kuna ua limechanua.

"Hapa kwetu hakuna paka," kaka mtu akajibu, akapiga miayo. Paka alikuwa dirishani, nyuma ya kichwa chake, anajilamba.

Mjomba akaomba, kwa heshima zote, waangalie tena. Wakaingia ndani, wakatoka na kuku kilema amefunikwa mtandio. Ni huyu? Mjomba akasema ni mrembo sana, lakini siye. Wakamleta mbuzi na sweta lake. Watu walikuwa wanafuta machozi kwa kicheko. Mimi nilikuwa karibu kulia kweli, kwa sababu nilikuwa namwangalia baba: mikono kwenye magoti, macho mapya hayabanduki dirishani. Nikawaza, tukirudi bila huyo paka, nyumba yetu itakuwa kimya kabisa.

Ndipo baba akasimama.

"Mmekosea upande," akasema. "Binti ni wetu. Ametoka nyumbani kwangu, amelelewa na mke wangu. Mimi siombi. Ninyi ndio mniombe."

Kaka mtu akaamka kabisa. Jirani akatoka mlangoni alikokuwa anachungulia, akapiga magoti mbele ya baba.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Basi mi naomba. Nikishona asubui, yeye iko anakaa pale pembeni, na nyumba inakuwa na mutu."

Nikamnong'oneza baba: kataa. Sijui hakunisikia au hakutaka. Alisema hataki ng'ombe wa mahari. Anataka kiti kando ya cherehani, na chai, kila siku baada ya alasiri, kwa kuwa baba wa binti lazima ajionee anavyotunzwa. Vigelegele vikapasuka. Mjomba hajamsamehe hadi leo kwa kumnyang'anya kazi yake. Nilirudi na kikapu kitupu, nimenuna.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa jikoni nagombana na sufuria. Baba akaja akasimama mlangoni, miguu mitupu, akaniuliza viatu vyake viko wapi.

Nilivitafuta nyumba nzima. Vilikuwa chini ya kitanda, vumbi tupu. Nikakaa sakafuni kuvifuta kwa kanga yangu, machozi yananitoka, naye akaniambia niharakishe, anasubiriwa.