Kaseti ya Baba

Juzi fundi aliweka sikio juu ya laptop yangu, yenye picha zote za mwanangu. Ndani mlikuwa mnagonga: tak, tak.

"Mama, diski inakufa. Kila mara unaiwasha, inajikwaruza. Tukopi kwanza, kutengeneza baadaye."

Nilitafuta mtu wa kugombeza, sikumpata. Nikakumbuka mchana mmoja wa vita.

Baba alikuwa Katanga, na treni haikufika tena kwetu Kindu. Tulibaki na barua yake moja, aliyoisema ndani ya kaseti, na radio ilikuwa imeanza kuitafuna. Jirani yetu aliunga utepe kwa rangi ya kucha ya mama. Harufu ikajaa nyumba.

"Tunaipiga mara moja tu," akasema. "Mwenye kukohoa, atoke!"

Aliweka radio mbili uso kwa uso, moja iseme, nyingine ishike sauti. Wakubwa wakakaa mkekani, kimya, vichwa chini. Mkao ule niliujua: njo ule wa matanga.

"Mama, baba amekufa?"

Mama alinifunika mdomo kwa kiganja. Sauti ya baba ikaendelea kuuliza kama tunakula.

Leo najua walikuwa wanalinda kopi tu, na baba alikuwa mzima. Lakini hata baadaye hakuna aliyenieleza, na hilo linanikasirisha mpaka leo. Habari ya kweli ya kifo chake ilipofika, ndugu zangu walilia. Mimi nilikuwa nimekwisha kumlilia. Wakaniita moyo wa jiwe.