Umeombewa Maharage

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni, nilipofika kijijini Nambis, nyumbani kwa marehemu bibi, kwa ajili ya likizo. Nilimwamkia shangazi, nikaweka begi chini, na kitu cha kwanza kukiona ni ungo wa bibi, umetundikwa palepale ukutani, ukingo wake umeshonwa kwa kamba ya katani. Nikaugusa kwa kidole, basi. Unanijua, mimi siyo wa kusema.

Nilipokuwa mdogo tulilelewa kwa bibi sisi wawili, mimi na dada, yaani mtoto wa huyo shangazi, mkubwa kwangu. Baridi ikishuka tuliingia jikoni, makande yanatokota, moshi unatuchoma macho, na bibi hakupakua kabla ya kuomba. Aliomba kwa Kiiraqw, muda mrefu, sisi tukiitikia kwa mguno. Ila akifika kwetu alihamia Kiswahili, maana Kiiraqw chetu kilikuwa cha kuokoteza, na yeye alisema anayeombewa lazima asikie.

Kwa dada alisema, "Mungu, huyu mzidishie upendo." Alishusha pumzi, kisha kwangu akasema, "Na huyu mdogo, mpe kujua kuchambua."

Kila jioni hivyohivyo. Mwenzangu upendo, mimi kuchambua, wakati kazi ya kuchambua maharage ilikuwa yangu tayari. Nilitoa mawe, nikatoa yaliyotobolewa na wadudu, vidole vimekufa ganzi, huku dada akininong'oneza, "Leo tena umeombewa maharage."

Nilimwonea wivu. Niliona maombi yake yanajibiwa mbele ya macho yangu. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alimshika kichwa yeye kwanza. Jirani akileta maziwa ya mgando, alimwita yeye aje na kikombe. Nilijiuliza kwa nini bibi anagawa ugali sawasawa, lakini kwa Mungu ananipimia kidogo. Hata sekondari, mwalimu wa Kiswahili alipoandika ubaoni tuchambue shairi, wenzangu waliguna, mimi nikasikia harufu ya maharage.

Sasa Jumamosi hiyo dada naye alikuwepo, amekuja kutoka Haydom anakosomea uuguzi. Shangazi akamwambia aombee chakula. Akaomba vizuri, kwa upole, akaomba upendo na utambuzi vizidi humu ndani. Wivu ule wa zamani ukarudi. Alipomaliza nikajikuta nimesema, sauti yenyewe ndogo, kwamba yeye aliombewa upendo tangu utoto, mimi niliombewa maharage.

Shangazi akacheka hadi akaweka mwiko chini. "Mama, bibi yenu, neno utambuzi alikuwa halijui. Alikuwa na kuchambua tu. Wewe ulimpenda kila mtu, hata aliyekunyang'anya ulimfuata nyuma. Alitaka ujue lipi jema, lipi baya."

Nikauliza, na ule upendo je? Shangazi akamtazama binti yake, na dada akajibu mwenyewe.

"Mtu anaombewa alichopungukiwa, mdogo wangu. Mimi nilikuwa mchoyo. Nilijua, ndiyo maana nikawa nakucheka."

Nilidhani wivu utaondoka. Haukuondoka, ulihama tu. Sasa namwonea wivu kwa sababu ombi lake limejibiwa na linaonekana: usiku ule alinisukumia blanketi zito, akabaki na jepesi, wala hakusema. Mimi je? Miaka yote hiyo sikuweza kutenganisha hata ombi na kazi ya jikoni. Na aliyekuwa akitutaja mmoja mmoja mbele za Mungu hayupo. Siku hizi tunaombewa kwa mkupuo, "watoto wetu", basi. Shangazi anapikia gesi, kwa hiyo hata moshi wa kuusingizia machozi hakuna.

Asubuhi yake nilishusha ungo, nikamwaga maharage ya mchana, nikakaa mlangoni penye jua. Dada akaja akakaa kando yangu bila kuitwa, tukachambua. Nikaanza kuomba kwa Kiiraqw changu cha kuokoteza, chinichini. Nilipofika kwake nikahamia Kiswahili, nikapaza sauti kidogo, asikie.