Nyumba Yenye Mlango Mmoja

Binti yangu alinitumia picha za nyumba tatu na ujumbe mfupi: chagua, Mum. Ameolewa ng'ambo, na kila mwaka watu wa mume wake hupanda mlimani kuteleza kwenye theluji, mbao zimefungwa miguuni, watu wazima na akili zao. Safari hii na mimi nilialikwa. Ilikuwa wiki pekee ambayo wote wawili walikuwa na likizo, na mjukuu wangu ana miaka miwili na sijawahi kumshika.

Nilikaa na simu mlangoni kwangu hapa Makongeni, miwani puani, nikizikagua hizo nyumba. Mtu mwingine angeangalia mandhari. Mimi nilihesabu milango. Kwetu magharibi mwa Kenya mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa bintiye, na miaka thelathini ya kufunga mikebe kiwandani Thika haikunifundisha vingine. Si chuki. Ni heshima, na pia ni aibu, na siwezi kukuambia moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na mlango mmoja. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na kanyumba ka mbao huko nyuma, kasafi, na dirisha lake dogo. Nikampigia hapo hapo.

"Nimepata. Hiyo ya tatu. Mimi nitalala hapo nyuma."

"Mum, hapo ni sauna. Watu wanaingia kukaa kwa mvuke watoe jasho."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaelewa.

"Hiyo nyumba iko na vyumba tano," akasema. "Na yeye hata hajui hizo vitu."

"Wewe unazijua."

"Sasa nimwambie nini? Ati mamangu hawezi lala kwa nyumba moja na wewe?"

"Mwambie hivyo hivyo. Mtu mzima akielezwa anaelewa. Kama kuna hoteli karibu nitalala huko, asubuhi mnakuja kunichukua."

"Sawa. Nitamwambia."

Nilimwamini. Ni mimi niliyemzaa.

Dada yangu wa Mugutha aliniambia niache ushamba, huko ni mbali, nani ataniona. Huyo huyo, mkwe wake anakaa hapo Ruiru, na siku alipowatembelea mvua ikafunga barabara, dada yangu alirudi kwake kwa miguu, matope hadi magotini, badala ya kulala sebuleni kwao. Nilipomkumbusha, akaniuliza mbona namchokoza na chai ninayokunywa ni yake.

Nilinunua soksi za sufu. Nikaanza kutembea kila asubuhi hadi sokoni na kurudi, ili magoti yazoee. Na nikawaambia akina mama wa kanisa kwamba naenda kumwona mjukuu, jambo ambalo najilaumu kwalo mpaka leo.

Kila nilipouliza kuhusu hoteli, binti yangu alisema bado wanaangalia. Halafu siku moja ukaja ujumbe, hata si simu. Walikuwa wamechukua ile nyumba ya pili, na chumba kilichobaki kingetumiwa na mama wa mume wake. Next time, Mum.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hata ninapoandika haya. Lakini wakati huo niliielekeza kwa mkwe wangu. Nilisema moyoni, ameambiwa mila yetu akaidharau, akaona afadhali aende na mamake asiye na maneno mengi. Nilimchukia vizuri kabisa, bila haraka, nikifua, nikipika.

Walipofika mlimani walinipigia kwa video. Yeye ndiye aliyeshika simu, mtoto mabegani, uso umeiva kwa jua. Aliongea Kiingereza chake polepole ili nimfuate. Alisema amesikitika sana kwamba sikuja. Alikuwa ameambiwa kuwa naogopa baridi. Alimuuliza mke wake kama kuna shida nyingine, maana shida nyingine yoyote wangeipanga, lakini mke wake akamwambia hapana.

"Ni baridi tu, Mama?" akaniuliza.

Binti yangu alikuwa kando yake. Alikuwa anaangalia sakafu. Nilimngoja ainue uso, hakuinua. Kumbe hakuwahi kumwambia neno, na si kwamba alimhofia mumewe. Aliyemtia haya ni mimi.

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja, na huyo kijana angeielewa, hilo nililiona machoni mwake.

"Ni baridi tu, mwanangu," nikamjibu. "Mifupa ya uzee."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Akamshusha mtoto, akamwambia amuage nyanya yake. Mtoto akageuka, akampungia mkono mama wa baba yake, aliyekuwa nyuma yao.