Mutiso Aliponipita Kwenye Ngazi

Sikulazimishi uamini. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa mtaani Komarock, Nairobi, jua halijazama, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Mutiso alikuwa ndugu yangu wa kambo. Baba yake, dereva Mkamba aliyefiwa na mke, alimuoa mama yangu nikiwa na miaka minane na Mutiso sita. Mama, Mluhya wa Kakamega, alimlea kama aliyemzaa. Mimi nilimfungia kamba za viatu mpaka alipojua mwenyewe. Alipokua akawa fundi wa viatu vya matairi pale soko la Kariokor.

Mwaka jana lori lilimgonga kwenye Barabara ya Kangundo. Tukamzika Machakos. Tuliporudi, Mama akakataa chakula. Siku nzima chai ya rangi tu.

Wiki ya tatu, nikitoka kazini saa kumi na mbili jioni, nilikuwa napanda ngazi za ploti yetu, jengo tunalopanga. Ghorofa ya pili nikakutana na Mutiso akishuka na mtungi mtupu wa maji.

"Niaje, sistee."

"Poa," nikajibu. Kwa mazoea tu! Ungekuwa wewe, ungekumbuka papo hapo kwamba amekufa?

"Mathe amekula?"

"Bado anakataa."

"Mpikie uji wa wimbi, uweke ndimu. Lakini usimwambie umeniona. Tafadhali."

Akanipita. Bega lake liligusa langu, na niamini, lilikuwa zito, bega la mtu kabisa. Hapo ndipo akili ikanirudia. Nikageuka. Chini yangu alikuwa anapanda Mama Kevo, jirani yetu, na sukuma wiki mkononi.

"Umepishana na nani?" nikamuuliza.

"Nani tena? Ngazi hazina mtu."

Nilipika ule uji. Mama akanywa kikombe kizima, akaomba kingine. Kwa furaha nikaropoka. Nilidhani nampa dawa.

"Mama, ni Mutiso aliyeagiza. Nimemwona kwenye ngazi."

Akaweka kikombe chini polepole.

"Amekuja, akakuona wewe? Mimi niliyemlea akaniruka?"

Tangu jioni hiyo Mama hukaa ghorofa ya pili na kigoda chake, akimngojea. Mchungaji amekuja kuomba, shangazi amesafiri kutoka Kakamega, wapi! Amekonda hadi pete imemtoka kidoleni. Mimi hanisemeshi. Nikimpelekea sahani anageukia ukuta. Juzi mpangaji mgeni alimuuliza ana watoto wangapi.

"Nilikuwa na mmoja," Mama akasema. "Alikufa."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na sahani mkononi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukikutana na marehemu wako akakuomba unyamaze, nyamaza. Usimwambie hata anayemlilia. Hasa huyo.